Vibati vya Kabati la Ndungu

Nimestaafu nikiwa na mgongo unaouma upande wa kushoto, upande niliokuwa nikiinamia makabati. Vijana wa kitengo wameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na nadhani wanatarajia hadithi ya jinsi tulivyoleta kompyuta Same. Mimi sikuleta kitu. Nilizikuta. Kwa miaka yote kazi yangu ilikuwa kuviuliza vifaa swali moja, kwamba wewe ni nani na ndani yako kuna nini, kisha kulinganisha jibu na la kituo cha pili. Inachosha, kwa sababu ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na mtu haitwi ofisini kupongezwa kwa jambo lisilotokea.

Nilifika Same miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena na mashirika ya umma yakaanza kufungwa. Sabuni ilipatikana, ajira haikupatikana. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti kwenye bahasha ya plastiki, na hofu kwamba huenda cheti kile walikitoa kwa makosa. Nikiwa ndani ya basi niliandika majibu ya maswali ishirini ambayo fundi mkuu angeweza kuniuliza. Upepo wa Same ulinipokea kwa vumbi mdomoni, na karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, chenye bati linalolia.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Anaeli, Mpare wa milimani, mrefu, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umekula?”

Swali hilo halikuwemo katika yale ishirini. Nikawaza: nikisema sijala nitaonekana nimekuja kuomba chakula, nikisema nimekula nitakuwa nimeanza kazi kwa uongo.

“Binti, nimeuliza habari ya chakula,” akasema. “Siyo mtihani.”

Kutoka pembeni, fundi wa pili, Rajabu, akasema bila kuinua kichwa, “Mwache, mzee. Wasomi hawali mpaka wapate kibali.”

Wakanipa makande kwenye kifuniko cha chungu. Rajabu alikuwa wa Kigoma kwa asili, lakini alizaliwa kambi ya mkonge huku huku tambarare, na baba yake alikuwa mkata mkonge. Hakuwa na cheti. Alichokijua alifundishwa na Mzee Anaeli.

Mradi wetu ulihifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa kifua kikuu. Wafanyakazi wa mashamba walikuwa watu wa kuhama: leo yuko kambi hii, baada ya msimu yuko kambi nyingine, na dawa za kifua kikuu hazitaki mtu wa kuanza upya kila anapohama. Kwa hiyo tulikuwa na vituo vinne, Same, Lembeni, Gonja na Ndungu. Kila kituo kilikuwa na kabati la chuma lenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile, na kadi moja ya kuziongoza. Kila asubuhi vituo vilipigiana simu, kompyuta kwa kompyuta, na kupeana mabadiliko ya jana. Mgonjwa akiandikwa jambo Gonja, kesho yake lilitakiwa lionekane Ndungu.

Sasa vijana, sikilizeni hapa. Ile kadi ilikuwa na programu yake yenyewe, iliyochomwa ndani ya kidude cheusi kiwandani. Kadi mbili zinaweza kufanana kama mayai, rangi moja, matundu yaleyale, na bado moja ikawa na toleo la pili na nyingine toleo la tatu. Tofauti ilikuwa hii: toleo la pili lilijibu “nimeandika” wakati maneno bado limeyashika kichwani, halijayaweka kwenye diski. Umeme ukikatika katika dakika hizo, maneno yanapotea, na waliokuuliza wameshaambiwa yapo. Miaka ile ya mgao, umeme ulikatika kila siku. Ndiyo maana mradi ulikuwa umeagiza vituo vyote viwe na toleo la tatu, na nikaajiriwa mimi kuhakikisha.

Nilihakikisha kwa bidii ya mtu mwenye hofu. Nilikuwa na daftari lenye mistari ya rangi tatu, kwa kila kituo namba ya kadi, toleo, namba za diski na tarehe. Zana zangu zilikuwa bisibisi mbili, kipima umeme, brashi ya rangi ya kupangusia vumbi, na kitambaa nilichokata kwenye kanga ya mama. Kila mwezi nilizunguka vituo vyote. Kila kadi ilikuwa na kibati kidogo cha alumini chenye namba na toleo, kimebanwa kwa skrubu mbili. Nilifungua kabati, nikasoma kibati, nikaandika. Kisha nikafunga, nikafungua tena kuona kama nilisoma vizuri. Rajabu alikuwa akisema, “Dada Rehema, hicho kibati kitaona aibu.”

Kuna njia nyingine, ya kuzima kabati na kuiuliza kadi yenyewe kwa waya toleo lake. Lakini ilichukua nusu siku, na wauguzi walilalamika. Mwongozo uliruhusu kusoma kibati. Nami niliupenda mwongozo, kwa sababu uliniondolea kazi ya kuamua.

Mwezi wangu wa pili, mratibu wa mradi alituita. Alikuwa mama mnyamavu aliyezoea kunyoosha karatasi kwa kiganja kabla ya kusema jambo baya. Akanyoosha karatasi. Wafadhili wamepunguza fedha, karakana itabaki na watu wawili. Mmoja wetu ataondoka kabla ya mwisho wa mwaka, na atakayeondoka atatazamwa kwa kazi yake.

Tulirudi karakana. Mzee Anaeli alikuwa amebakiza kama mwaka na ushee kustaafu. Rajabu alikuwa na mke na mtoto mchanga, na bila cheti asingepata kazi ya ufundi mahali pengine, angerudi kwenye mkonge. Mimi nilikuwa mgeni. Nilifanya hesabu hiyo usiku na mchana, na kila mara jibu lilikuwa mimi, kwa hiyo nikasoma vibati kwa bidii zaidi.

Mwezi wangu wa nane muuguzi wa Ndungu alitupigia simu. Mgonjwa mmoja, mkata mkonge, alihamia kwake akitokea upande wa Gonja. Muuguzi alifungua kumbukumbu zake, akaandaa dawa kama zilivyoandikwa, na yule mtu akakataa kupokea moja.

“Anasema hiyo ilimchubua ngozi mwili mzima,” muuguzi alisema. “Anasema Gonja waliandika asipewe tena. Mimi kwangu hakuna kitu. Nimemwambia kompyuta haijaniambia. Kanijibu, ‘Basi nakuambia mimi.’ Kompyuta yenu imesahau?”

Gonja ilikuwa imeandika. Same tulikuwa nalo neno hilo. Na Ndungu, kwa mujibu wa rekodi za simu za asubuhi, ilijibu “nimeandika”. Daftari langu lilionyesha kadi ya Ndungu ina toleo la tatu, kama wenzake, miezi minane mfululizo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Siku tatu nilitafuta kosa kwenye nyaya, kwenye simu, kwenye hesabu zangu. Siku ya nne Rajabu akawasha pikipiki ya mradi, akasema tutoke kwenye madaftari. Tulishuka Ndungu tukapita kando ya mashamba ya mpunga, nikiwa nimekumbatia kompyuta ndogo ya kupimia kama mtoto. Muuguzi alitupokea kwa uso wa mtu ambaye nusura amuue mtu kwa kutuamini. Tukazima kabati, nikaunganisha waya, nikaiuliza kadi.

Ikajibu toleo la pili.

Niliuliza tena. Ikajibu vilevile. Kibati juu yake kilisema la tatu. Rajabu akainama akatazama skrubu. Juu ya kila moja kulikuwa na nukta ya rangi ya kijani. Sote wawili tulijua kichupa cha rangi ile kilikaa mezani kwa nani. Mzee Anaeli hakufunga skrubu bila kuitia nukta, ili ajue kama mtu mwingine ameigusa.

“Hii ni kazi ya mzee,” Rajabu akasema.

“Usiseme.”

“Mimi sisemi. Wewe je?”

Nilikuwa nikifikiri kwamba kwa miezi minane sikuwahi kukagua kadi hata moja. Nilikuwa nikikagua vibati.

Nilimkuta mzee karakana akichemsha maji ya chai ya tangawizi. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole njia nzima, lakini yalitoka yote mara moja. Hakukana. Masika iliyotangulia kuja kwangu, alisema, radi iliunguza kadi ya Ndungu. Mpya ingechukua miezi kufika. Akatoa moja kwenye sanduku la vifaa vya zamani, ikaingia vizuri, kabati likawaka, wagonjwa wakaendelea kusomwa siku hiyohiyo. Akahamisha kibati.

“Kwa nini ukihamishe?”

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu huvaa viatu. “Namba ni ya kituo, binti. Kifaa kinapita.”

Ndipo akanieleza. Kabla ya mradi alikuwa fundi wa redio za mawasiliano katika shirika moja la umma, miaka ya kukosa kila kitu. Spea hazikuja. Walichomoa kwenye redio iliyokufa wakachomeka kwenye iliyo hai, na redio moja ilikuwa na viungo vya redio sita. Mwisho wa mwaka alikuja mkaguzi na orodha. Mwenzake mmoja alifukuzwa kazi, redio yake ikiwa inaongea vizuri kabisa, kwa sababu namba iliyokuwa kwenye orodha haikuwa kwenye mgongo wa redio.

“Mkaguzi hakuuliza kama inaongea. Aliuliza namba iko wapi. Tangu hapo sote tulihamisha vibati. Ukitengeneza, unahamisha. Ilikuwa ndiyo kumaliza kazi. Asiyehamisha tulimwona mvivu.”

Nikamwambia habari ya mkata mkonge. Mkono wake ukaacha kukoroga.

“Alichubuka?”

“Hapana. Alikataa mwenyewe.”

“Basi huyo ni fundi kuliko sisi.” Akaketi. Kisha akasema, “Andika ripoti,” na kesho yake alfajiri akapanda mlimani kwenye msiba wa shemeji yake, ruhusa ya wiki moja.

Niliandika ripoti mara kumi na moja. Nikitaja jina lake, nimemfukuza mzee aliyenilisha siku ya kwanza. Nikitaja langu, nimejifukuza. Nikiacha kuandika, nimemdanganya muuguzi. Mara ya kumi na moja nilipata sentensi niliyoiona nzuri sana: “Imebainika kwamba kadi ya Ndungu ilibadilishwa wakati wa matengenezo, na kibati chake kikahamishiwa kwenye kadi iliyowekwa.” Niliipima kila upande. Haikuwa na uongo hata kidogo. Nikaipeleka, na usiku ule nililala.

Siku mbili baadaye Rajabu aliingia karakana na bahasha. Hakuketi.

“Barua ya kuondoka wamenipa mimi,” akasema.

Mratibu alitaka kujua nani alibadilisha. Ripoti haikusema. Akafungua daftari la safari za pikipiki, na katika kila safari ya matengenezo ya Ndungu kulikuwa na sahihi moja, ya Rajabu. Mzee Anaeli hakujua kuendesha. Alikaa nyuma, na anayekaa nyuma hasaini.

“Umemwambia ulimpeleka mzee?”

“Mzee ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi. Simtaji.” Alikunja bahasha mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati. “Dada Rehema, sentensi yako haikuwa na mtu. Basi wakamtafuta wao.”

“Rajabu, nilikuwa nafikiri—”

“Najua. Wewe unafikiri sana. Mwisho wa mwezi mimi nipo kambini.” Kisha akachukua bisibisi akaendelea na kazi iliyokuwa mezani, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nyinyi mnaosoma mtaona jambo lilikuwa wazi. Kwangu halikuwa. Ilinichukua mchana kutwa na chai nne. Nilifikiri nimsubiri mzee arudi aseme mwenyewe. Nilijua angesema. Na nikajua kwamba kumsubiri kungekuwa kumwachia mzee wa umri ule kazi iliyokuwa yangu. Asubuhi nikaandika ripoti ya kumi na mbili. Ilikuwa fupi. Kadi ilibadilishwa na fundi Anaeli baada ya radi. Rajabu aliendesha pikipiki. Mimi, Rehema, nilipitisha kadi hiyo kwa miezi minane bila kuiuliza.

Mratibu aliinyoosha kwa kiganja, akaisoma.

“Unajua mzee amebakiza muda gani?”

“Najua, mama.”

“Na unaona jina lako limo?”

“Nimeliandika mwenyewe.”

“Kwa nini hukuandika hivi wiki iliyopita?”

“Niliogopa.”

Nadhani alikuwa amechoka kama mimi. Barua ya Rajabu ikarudishwa. Mimi nikapewa onyo la maandishi, ambalo bado ninalo. Mzee Anaeli aliamriwa aondoke mwisho wa mwezi, kabla ya wakati wake.

Aliporudi kutoka msibani nilimpa nakala. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa machozi, kwa kunyamaza. Alisoma akiwa amesimama, miwani puani, kidole kikifuata mistari.

“Tarehe ya radi si hiyo,” akasema. “Ilikuwa siku moja kabla. Rekebisha.”

“Mzee, nisamehe.”

“Rekebisha tarehe kwanza.” Nilipomaliza, akasema, “Hukuniuliza kama ni Ndungu peke yake.”

Nikachukua daftari.

“Gonja nilihamisha kibati cha diski moja. Hapa Same nilihamisha viwili. Lembeni sikugusa. Twende tukaone, nina siku chache.”

Hivyo ndivyo alivyotumia siku zake za mwisho kazini. Hakupanga vitu vyake, hakuaga ofisi. Alizunguka na sisi, mtu anayefukuzwa kwa kuhamisha vibati akivionyesha kimoja kimoja. Rajabu aliendesha, safari hii gari la kuazima, na kila aliyepanda alisaini. Mzee alifungua, akasema “hiki”, mimi nikauliza kifaa, Rajabu akaondoa kibati cha uongo. Gonja alipanda ngazi za kituo akipumua kwa shida, akamtania muuguzi wa pale kwamba amekuja kuungama. Yule muuguzi hakuelewa, akamletea kiti.

Lembeni tulifika mwisho, jua kali, treni ya mizigo imesimama stesheni bila sababu. Mzee alifungua kabati, akapangusa vumbi kwa brashi yangu.

“Hii sikuigusa,” akasema. “Andika tu, twende tukale.”

Skrubu hazikuwa na nukta ya kijani. Kibati kilisema toleo la tatu. Nilisimama na waya mkononi. Kuiuliza kadi ilikuwa kumwambia mzee, mbele ya mwanafunzi wake, kwamba neno lake halinitoshi. Rajabu alitazama nje, kwenye treni.

Nikazima kabati, nikaunganisha waya.

Toleo la pili.

Mzee akasogea akasoma kioo, kisha akashusha miwani akaifuta kwa shati akasoma tena. Akaketi juu ya sanduku la betri.

“Hata hii,” akasema. “Nani sasa? Labda fundi aliyenitangulia. Labda mimi. Sikumbuki, binti. Tulihamisha vingi. Andika jina langu. Mimi naondoka hata hivyo.”

“Na kama si wewe?”

Rajabu akageuka. Mzee akagusa kibati kwa kidole.

“Basi andika hujui,” akasema. “Lakini liandike.”

Nikafungua daftari kwenye paja. Neno hilo sikuwahi kuliandika mahali ambapo mtu mwingine angelisoma. Nikaandika: Lembeni, kadi ya kuongoza diski, toleo la pili, kibati si chake, aliyebadilisha sijui. Chini yake nikaandika jina langu. Mzee Anaeli akaniomba kalamu, akaandika lake pembeni, na neno “shahidi”. Kisha akampa Rajabu kalamu, naye aandike lake.